Kuwatafuta Mababu Vibarua katika Sensa na Vitabu vya Parokia vya Uingereza

Mtu wa ukoo wa kitajiri anayefuatilia nasaba yake nchini Uingereza huanza na wosia, hati za ardhi na majina yaliyochongwa juu ya mawe ya makaburi. Yule ambaye mababu zake walikuwa wafumaji wa pamba, wachimbaji wa makaa ya mawe, vibarua wa mashambani au watumishi wa majumbani hana mengi ya namna hiyo. Watu hao hawakumiliki ardhi, wengi wao hawakuacha wosia, na aghalabu walizikwa katika makaburi ya pamoja yasiyo na jiwe. Hata hivyo hawakupita duniani bila kuandikwa. Waliandikwa mara nyingi, ila kalamu ilikuwa mikononi mwa watu wengine waliokuwa na haja zao wenyewe: kasisi aliyetakiwa kuweka kumbukumbu za kanisa, karani wa sensa aliyetumwa na serikali kuhesabu watu, msimamizi wa maskini aliyetaka kujua ni parokia ipi itakayobeba gharama ya mkate wao. Anayezisoma kumbukumbu hizo bila kujiuliza ni nani aliyeandika, na alikuwa anauliza nini, hukaribia sana kujijengea ukoo usio wake.

Maelezo yanayofuata yanahusu England na Wales, kwa sababu Uskoti na Ireland zina sheria na nyaraka zake. Uskoti ilianza kusajili vizazi na vifo kwa mfumo wa serikali mwaka 1855, yaani karibu miongo miwili baada ya England na Wales. Ireland ilipoteza sehemu kubwa ya sensa zake za 1821 hadi 1851 katika moto wa Dublin wa mwaka 1922, na zile za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa na serikali yenyewe, kwa hiyo mtafutaji wa huko hulazimika kupita njia nyingine kabisa.

Kazi hii huanzia kwa watu wanaojulikana na kurudi nyuma kizazi kimoja baada ya kingine. Majibu ya sensa hufungwa kwa miaka 100, na sensa ya karibuni zaidi iliyo wazi ni ile ya tarehe 19 Juni 1921, ambayo umma ulianza kuisoma Januari 2022. Baada yake kuna pengo kubwa, kwani karatasi za sensa ya 1931 ziliteketea kwa moto mwezi Desemba 1942, na sensa ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo huzibwa kwa kiasi na rejista ya tarehe 29 Septemba 1939, iliyoandaliwa kwa ajili ya vitambulisho vya wakati wa vita, nayo ina jambo moja ambalo hakuna sensa ya zamani iliyokuwa nalo: tarehe kamili ya kuzaliwa. Sensa ya 1921 kwa upande wake iliuliza jina la mwajiri na mahali pa kazi, swali lenye thamani kubwa kwa wazao wa wafanyakazi, kwa kuwa humtoa mtu katika neno tupu kama "mchimbaji" na kumweka kwenye mgodi fulani, wa kampuni fulani, katika mwaka wa migogoro mikubwa ya kazi migodini.

Kama ningeambiwa nichague sensa moja tu ya kumwonyesha mtu anayeanza, ningechagua ile ya tarehe 2 Aprili 1911. Katika sensa zote za kabla yake, fomu zilizojazwa nyumbani zilinakiliwa na karani kwenye daftari lake, kisha zikatupwa. Tunachosoma leo ni mwandiko wa karani. Mwaka 1911 fomu zenyewe zilihifadhiwa. Kwa familia nyingi za wafanyakazi ukurasa huo ndio wa kwanza ambamo mwandiko wa baba au mama wa nyumba unaonekana kwa urefu wa karatasi nzima, pamoja na makosa yake ya tahajia na maneno yake ya nyumbani. Isitoshe, wanawake waliokuwa katika ndoa waliulizwa wameolewa kwa miaka mingapi, wamejifungua watoto wangapi waliozaliwa wakiwa hai, wangapi wangali hai na wangapi wamefariki. Wajane hawakutakiwa kujibu, lakini wengi walijibu, na maofisa wa sensa wakapiga mstari juu ya majibu yao kwa wino. Mstari huo haukuyafuta. Chini yake mara nyingi husomeka vizuri kwamba mama fulani alizaa watoto kumi na kuzika wanne, na hapo mtafutaji hupata kazi mpya ya kuwatafuta wale wanne ambao huenda hakuna sensa iliyowahi kuwakuta wakiwa hai.

Ili kuelewa daftari za kabla ya 1911 ni lazima kuelewa safari ya habari yenyewe. Sensa ya kwanza ilifanyika mwaka 1801 na kurudiwa kila baada ya miaka kumi, lakini nne za mwanzo zilikuwa hasa za kuhesabu vichwa, na majina yamebaki katika sehemu chache tu. Kuanzia 1841 majina yalikusanywa nchi nzima. Karani aligawa fomu nyumba kwa nyumba siku chache kabla ya usiku wa sensa, akarudi kuzikusanya, na pale ambapo hakuna aliyejua kuandika aliijaza yeye kwa kusikiliza. Kisha akainakili fomu hiyo kwenye daftari. Jina la familia iliyotoka kaunti ya mbali, lililotamkwa kwa lafudhi ambayo karani hakuizoea, lingeweza kuandikwa kwa namna tatu katika sensa tatu mfululizo bila mtu yeyote katika familia hiyo kujua, kwa sababu wao wenyewe hawakuwa na tahajia moja waliyoitetea. Mtafutaji anayeng'ang'ania kwamba "jina letu halijawahi kuandikwa hivyo" hufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Sensa ya tarehe 6 Juni 1841 inahitaji tahadhari ya pekee. Makarani waliagizwa kupunguza umri wa kila aliyetimiza miaka 15 au zaidi hadi mafungu ya miaka mitano, hivyo mtu wa miaka 29 anaandikwa 25, na mtu wa miaka 64 anaandikwa 60. Si wote waliofuata agizo hilo, lakini wengi walilifuata. Uhusiano wa watu ndani ya nyumba haukuandikwa kabisa: mwanamume wa miaka 40, mwanamke wa miaka 40 na watoto watano huenda ni mume, mke na watoto wao, na huenda pia ni kaka, dada mjane na watoto wa dada. Mahali pa kuzaliwa panajibiwa kwa herufi tu, ndiyo au hapana, kuhusu kama mtu alizaliwa katika kaunti ile ile. Sensa ya tarehe 30 Machi 1851 ilirekebisha hayo yote. Iliandika umri kama ulivyotajwa, uhusiano na mkuu wa kaya, hali ya ndoa, na parokia ya kuzaliwa. Kwa sababu hiyo babu aliyeishi hadi 1851, hata kama alikufa mwaka uliofuata, ni rahisi zaidi kumfuata nyuma kuliko ndugu yake aliyefariki mwaka 1850. Mahali pa kuzaliwa palipotajwa usiku ule ndipo panapoonyesha ni kitabu cha parokia gani kifunguliwe.

Pamoja na hayo, mahali pa kuzaliwa ni kauli ya mtu na si ushahidi wa mkunga. Mtu aliyezaliwa katika kijiji kidogo na kuhamia mjini angeweza kutaja mji mkubwa ulio jirani na kijiji chake, kwa kuwa ndio ambao karani angeujua, au kutaja mahali alipokulia kwa sababu hakukumbuka pengine. Wengine walikuwa na sababu ya kutaja parokia waliyoishi wakati huo, kwa hofu ya kuhamishwa endapo wangeanguka katika umaskini. Jambo hilo litaeleweka zaidi tutakapofika kwenye sheria za makazi. Dawa ni kumtafuta mtu yule yule katika kila sensa aliyoishi na kuyaweka majibu yake sambamba. Mwanamke aliyetaja kijiji kimoja mara tatu na kingine mara moja anatufundisha jambo, na hata ile mara moja haifai kutupwa kabla ya kuchunguzwa.

Safu ya kazi husomwa haraka mno na watu wengi. "Ag. Lab." ni ufupisho wa kibarua wa mashambani, nao umejaa kurasa za vijijini kiasi kwamba jicho huuruka. "F.S." ni mtumishi wa kike na "H.L.W." ni mfumaji wa kitanda cha kufumia nguo cha mkono, kazi ambayo ilikuwa inakufa polepole kadiri vitanda vya mashine vilivyoenea katika viwanda vya Lancashire na Yorkshire. Familia ya wafumaji wa mkono mwaka 1841 ambayo mwaka 1851 watoto wake wote wako kiwandani inasimulia badiliko zima la uchumi katika kurasa mbili. Kimya cha safu hiyo nacho kina maana. Maagizo ya mwaka 1841 yalisema kwamba kazi za wake, na za watoto waliowasaidia wazazi nyumbani bila mshahara, hazikuwa na lazima ya kuandikwa. Mwanamke ambaye mbele ya jina lake pana nafasi tupu huenda alikuwa akisokota, akifua nguo za watu au akisuka kofia za majani usiku na mchana. Nafasi hiyo tupu ni agizo la ofisi, na kuisoma kama uvivu wake ni kumdhulumu mara ya pili.

Wale wanaokosekana nyumbani nao watafutwe. Binti wa miaka 13 aliyetoweka katika kaya ya wazazi wake kwa kawaida hakufariki. Yuko jikoni kwa mtu mwingine, maili kadhaa kutoka hapo, akiwa mtumishi. Kijana anaweza kuwa mpangaji karibu na mgodi. Mzee anaweza kuwa katika nyumba ya kazi ya maskini, na katika orodha za magereza na hospitali za wagonjwa wa akili baadhi ya makarani waliandika herufi za mwanzo za majina peke yake.

Kati ya sensa na vitabu vya parokia kuna daraja la vyeti vya serikali, vilivyoanza tarehe 1 Julai 1837. Cheti cha kuzaliwa hutoa jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa, na cheti cha ndoa hutaja baba wa pande zote mbili pamoja na kazi zao. Akina mama wa maharusi hawakutajwa katika vyeti vya ndoa vya England na Wales hadi tarehe 4 Mei 2021, na hili linaeleza kwa nini nusu ya kila nasaba ni ngumu kuliko nusu nyingine. Katika miaka ya mwanzo usajili wa vizazi haukusimamiwa kwa ukali. Mzigo wa kuripoti ulihamia kwa wazazi kwa nguvu kuanzia 1875, hivyo mtoto wa miaka ya 1840 asiyeonekana katika faharasa huenda alibatizwa tu. Tena, jina la baba katika cheti cha ndoa si la kuaminiwa bila kuhojiwa. Bwana harusi aliyezaliwa nje ya ndoa, akiulizwa na kasisi mbele ya watu, angeweza kutaja babu yake mzaa mama au mume wa mama yake, au kubuni jina ili kuilinda heshima yake.

Vitabu vya parokia vinarudi nyuma hadi mwaka 1538, wakati Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, alipoagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Mwaka 1598 ikaamriwa kumbukumbu hizo zinakiliwe kwenye vitabu vya ngozi na nakala zipelekwe kwa askofu kila mwaka. Nakala hizo za askofu zimeokoa watafutaji wengi pale kitabu cha asili kilipooza au kuungua, na wakati mwingine zinapishana nacho, kwa kuwa karani aliyenakili aliongeza au kuacha kitu. Wingi wa habari unategemea kipindi. Katika karne ya 17 ubatizo wa mtoto wa kibarua huenda ukawa mstari mmoja wenye jina la mtoto na la baba, bila mama, bila kazi, bila kijiji. Kuanzia tarehe 25 Machi 1754, chini ya sheria ya ndoa ya Lord Hardwicke, ndoa ziliandikwa katika vitabu maalumu vyenye saini au alama za maharusi na mashahidi. Na kuanzia tarehe 1 Januari 1813 fomu zilizopigwa chapa zilidai makazi na kazi ya baba katika ubatizo, na umri katika maziko. Ni kuanzia hapo tu ambapo katika parokia nyingi mfumaji hutofautishwa na fundi viatu mwenye jina kama lake.

Kuna mitego mitatu midogo. Hadi mwaka 1752 mwaka wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo mtoto aliyebatizwa Februari 1740 katika kitabu alibatizwa, kwa hesabu ya leo, Februari 1741. Kati ya 1783 na 1794 kila andiko lilitozwa kodi ya peni tatu isipokuwa kwa maskini waliosaidiwa na parokia. Baadhi ya wazazi waliharakisha ubatizo kabla ya kodi kuanza, wengine wakauahirisha, na herufi "P" (ya "pauper", yaani maskini) iliyo kando ya jina haimaanishi daima kwamba familia ilikuwa hohehahe. Na ubatizo si kuzaliwa. Watoto wanne wa familia moja waliobatizwa siku moja si mapacha; ni wazazi waliokuja kanisani mara moja baada ya miaka kadhaa.

Wengi wa wafanyakazi wa miji ya viwanda hawakuwa wa Kanisa la Uingereza. Walikuwa Wamethodisti, Wabaptisti, Wakatoliki. Hata hivyo kati ya 1754 na 1837 wote, isipokuwa Wayahudi na Wakwekeri, walilazimika kufunga ndoa katika kanisa la parokia ili ndoa itambuliwe, hivyo ukoo ule ule unaweza kuwa na ndoa katika kitabu cha parokia na ubatizo katika kitabu cha kanisa dogo la mtaani. Vitabu vingi vya makanisa hayo vilikusanywa na serikali baada ya 1837 na viko katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Kew. Vya parokia kwa kawaida viko katika ofisi za nyaraka za kaunti, na picha au nakala za maandishi za vingi zinasomeka kwa intaneti, baadhi bila malipo kupitia tovuti za FamilySearch na FreeREG.

Urahisi huo wa intaneti ndio unaozaa makosa mengi. Mtu anaandika jina, anapata ubatizo mmoja unaolingana na mwaka, anaufurahia, na kuanzia hapo anapanda mti wa watu wengine. Tuchukue mfano wa kubuni wa mfumaji anayeitwa John Smith, ambaye sensa ya 1851 inasema ana miaka 27 na alizaliwa Bolton. Mwaka wa kuzaliwa ni takriban 1824, na katika vitabu vya eneo hilo watakuwapo watoto kadhaa wenye jina hilo. Hatua ya kwanza, ambayo wengi huiruka, ni kusoma vitabu vya maziko. Katika sehemu kubwa ya karne ya 19 takriban watoto 150 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na katika miji ya viwanda hali ilikuwa mbaya zaidi. Mtoto aliyebatizwa mwaka 1824 anaweza kuwa alizikwa mwaka 1825, na wazazi wake wakampa mdogo wake jina lile lile. Hatua ya pili ni kuwafuata wale waliosalia mmoja mmoja: huyu anaonekana mwaka 1851 akiwa fundi mawe mtaa mwingine, yule ameoa mwanamke mwingine. Anayebaki ndiye anayestahili kuchunguzwa, naye bado hajathibitishwa. Uthibitisho huja pembeni, kwa cheti cha ndoa kinachotaja kazi ya baba inayolingana na ile ya kitabu cha ubatizo, kwa shahidi wa ndoa ambaye ni dada yake, kwa mpwa anayelala nyumbani kwake usiku wa sensa. Kwa maskini wenye majina ya kawaida, ndugu na majirani ndio wanaomtambulisha mtu kuliko jina lake. Ni kazi ya polepole, na mtu akishindwa kuikamilisha ni afadhali aandike alama ya kuuliza kuliko jina.

Pale ambapo vitabu vya kanisa vinanyamaza, nyaraka za msaada kwa maskini mara nyingi hufungua mdomo. Kwa sheria ya mwaka 1662 kila mtu alikuwa na parokia moja iliyowajibika kumsaidia, na aliyehitaji msaada pasipo kwake aliweza kurudishwa. Haki hiyo ya makazi ilipatikana kwa kuzaliwa, kwa uanagenzi, kwa kupanga nyumba au shamba la paundi 10 kwa mwaka, au kwa mtu asiye na ndoa kufanya kazi ya mkataba mwaka mzima kwa bwana mmoja. Ndiyo maana baadhi ya waajiri waliajiri kwa wiki 51. Mwanamke alichukua makazi ya mumewe. Mjamzito asiye na mume aliulizwa na mahakimu baba wa mtoto ni nani, na jina ambalo kasisi aliliacha wazi katika kitabu cha ubatizo linaweza kuwa katika hati ya mahojiano hayo, pamoja na kiasi ambacho baba alitakiwa kulipa kila wiki.

Hati iliyo tajiri kuliko zote hizi ni maelezo ya makazi, yaliyochukuliwa mbele ya mahakimu. Kibarua aliyeugua au kukosa kazi aliulizwa alizaliwa wapi, baba yake alikuwa wa parokia gani, alianza kazi akiwa na umri gani, kwa nani, kwa ujira gani, alikaa miezi mingapi na kwa nini aliondoka, alioa lini na katika kanisa lipi, watoto wake ni nani na wana umri gani. Katika ukurasa mmoja au miwili anapita kutoka shamba hadi shamba, kwa majina ya mabwana na shilingi za mshahara, miaka ambayo hakuna sensa wala kitabu cha parokia kilichoiandika. Walichotaka mahakimu ni kujua tu gharama zake zipelekwe wapi. Mwishoni karani alimsomea maneno yake, na ikiwa hakujua kuandika, aliweka alama ya X chini ya karatasi, naye karani akaandika kuizunguka kwamba hiyo ni alama yake.